Kambi ya Mvuvi Porini (2): Mamba Anaijua Saa Yako ya Kuosha Sufuria

Msomaji mmoja wa Ikwiriri amenitumia ujumbe wa kunilaumu. Anasema sehemu ya kwanza ya makala haya ilijaa mitumbwi, maboya na vibali vya uvuvi, na simba hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Lawama yake naipokea nusu. Simba atakuja leo, tena na kalenda yake, maana anayo. Ila nitaanza na sufuria chafu, kwa sababu katika habari ninazosimuliwa na wavuvi, sufuria hutajwa mara nyingi kuliko simba.

Kwa aliye mbali ambaye hajawahi kulala dagoni, yaani kwenye kambi ya wavuvi, mambo yako hivi. Mto Rufiji ukifurika, maji huvuka kingo na kuyajaza maziwa ya pembeni: Zumbi, Ruwe, Uba, Mtanza na mengineyo. Maji yakirudi mtoni, samaki hubaki nyuma, na wavuvi huwafuata. Kilombero ni yale yale kwa upana zaidi: bonde hugeuka ziwa la msimu, na tangu 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Nyumbani ni mbali na samaki hawangoji, kwa hiyo mvuvi huhamia huko huko. Hujenga kibanda cha nyasi, kichanja cha kulalia, chanja ya kubanikia kambale na perege. Hubeba unga, chumvi, mafuta, chandarua. Hukaa wiki kadhaa, wengine miezi. Simu hushika mtandao mtu akipanda kichuguu, au haishiki kabisa.

Sasa kaa na wazee wa kazi hii uwaulize waliopotea walipoteaje. Husikii sana habari za mtu aliyekuwa akivuta nyavu. Unasikia: alikwenda kuchota maji. Alikuwa akinawa uso. Alitoka usiku kwenda haja. Alilala nje kwa sababu ya joto. Mtu akiwa kazini macho yako wazi, wenzake wako karibu, na kafi au pondo iko mkononi. Hatari humkuta anapojiona yuko nyumbani, katika shughuli anazozifanya bila kuzifikiri, mahali pale pale na saa ile ile. Hilo ndilo jambo langu la leo.

Tazama uoshaji wa vyombo. Ugali umeliwa, jua linazama, na kijana mdogo kuliko wote dagoni ndiye anayepewa sufuria. Anachuchumaa alipochuchumaa jana na juzi, kwenye mteremko uliokwisha kulainishwa na visigino vyake mwenyewe. Mgongo umeinama, uso uko karibu na maji, masikio yamejaa kelele ya mchanga unaosugua masizi. Ukoko unaelea. Mamba ana vidoa vidogo vilivyotapakaa kwenye taya, na vidoa hivyo huhisi mtikisiko mdogo kabisa wa maji hata katika giza totoro. Kila kiwimbi kinachotoka kwenye sufuria kinampa taarifa kwamba kuna kiumbe, kiko ukingoni, na kimetulia. Akijilaza chini anaweza kukaa zaidi ya nusu saa bila kuibuka kuvuta hewa. Hana haraka. Siku ya kwanza anaweza asitoke. Ya pili akasogea.

Kaskazini mwa Australia, wanakoishi mamba wa maji ya chumvi, wakubwa kuliko wetu, serikali imewafundisha wananchi wake kanuni chache ambazo zingefaa kubandikwa kwenye kila mwalo wetu. Mvuvi asimame angalau mita 5 kutoka ukingo wa maji. Hema lisimamishwe angalau mita 50 kutoka majini, tena juu ya mwinuko. Samaki wasipaliwe magamba ukingoni wala vyombo kuoshewa hapo. Na mtu asirudie mahali pamoja kila siku kwa wakati uleule. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi kwetu, kwa sababu mahali pazuri pa kuchotea maji ni pamoja tu na njia ya kufika hapo imekwisha kufyekwa.

Kwenye dago moja upande wa Rufiji nilimsikia mzee akimaliza somo hilo zima kwa maneno machache. Kijana alikuwa ameshaziinua sufuria.

"Mjukuu wangu, jana ulioshea wapi?"

"Pale pale babu, penye gogo."

"Na juzi?"

"Hapo hapo."

"Basi leo gogo mwachie mwenyewe. Chota kwa ndoo upande ule, uje uoshee huku juu kwenye majivu."

"Maji hayatatosha, babu."

"Yasipotosha utarudi kuchota. Penye gogo usirudi."

Ndoo yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye mti mrefu kupita urefu wa mtu, mpini umekazwa kwa kamba ya nailoni iliyotolewa kwenye wavu mbovu, na tundu limetobolewa ubavuni ili ndoo iiname na kujaa bila mtu kuifuata. Kijana alisimama nyuma, akaitupa, akaivuta. Mwenzake alisimama kando akitazama maji. Hiyo nayo ni kazi: mmoja achote, mwingine atazame, na anayetazama asishike simu. Kwenye madago yanayokaa muda mrefu inafaa kwenda mbali zaidi: chomeka miti minene chini ya maji kwa kuibananisha, iwe kizimba, na maji yachotwe ndani ya kizimba hicho tu. Kikaguliwe kila baada ya siku chache, maana mti mmoja uliooza hukigeuza kizimba kuwa mtego wa mchotaji.

Matumbo ya samaki yazikwe au yachomwe mbali na maji. Najua wavuvi huyatupa ukingoni kwa kuwa ndege huyamaliza. Ndege si peke yao wanaoyamaliza.

Watu hupenda hadithi za majitu. Burundi kuna Gustave, mamba wa Rusizi na Ziwa Tanganyika, aliyesakwa kwa mitego na kamera mwanzoni mwa miaka ya 2000 na asikamatwe. Hadithi hizo zina ubaya wake, kwa sababu humfanya mvuvi atazame mbali kutafuta jitu la mita sita, na mamba wa mita tatu aliyelala kwenye magugumaji akaonekana mtoto. Mita tatu zinatosha kumvuta mtu mzima. Na kumbuka kwamba mamba hupata joto la mwili kutoka nje, kwa hiyo miezi ya joto ndiyo anayokula sana. Kiangazi kikikolea, vidimbwi navyo hupungua, na mamba, viboko, samaki na watu wote hubanana kwenye maji yale yale machache.

Akimkamata mtu, mwenzake asijitose. Achukue pondo au mkuki, alenge macho. Aliyeshikwa naye alenge macho, kwa kidole, kisu, chochote. Wapo walioachiwa kwa namna hiyo. Na akiachiwa, hata kama jeraha ni la meno mawili tu kwenye shavu la mguu, lazima afike hospitali. Kinywa cha mamba kimejaa vijidudu, jeraha huoza kwa ndani, na pepopunda haitazami ukubwa wa tundu. Usilishone wala kulifunga gubigubi. Osha kwa maji mengi safi, kandamiza panapotoka damu, safiri.

Kiboko ni habari nyingine, na kwake kosa kubwa ni la ujenzi. Mchana yumo majini. Jua likishuka hutoka kwenda kula nyasi, wakati mwingine kilomita kadhaa, na kabla ya kupambazuka hurudi. Njia yake haibadiliki ovyo. Ukiitazama vizuri utaitambua: mifereji miwili sambamba, kwa miguu ya kulia na ya kushoto, na tuta jembamba la nyasi katikati. Kwenye matete huonekana kama mlango wa pango. Vichaka vya pembeni vimerushiwa kinyesi, kwani dume hukitawanya kwa mkia. Kwa mgeni, njia hiyo ni zawadi: imefyekwa bure, inateremka vizuri hadi majini, na pembeni yake kuna uwanda wa kusimamisha hema. Ndipo wageni wanaposimamisha. Saa mbili usiku mwenye njia anatoka, mwenye uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na hema liko kwenye barabara yake.

Ukikutana naye nchi kavu, swali la kwanza kichwani liwe: maji yako wapi? Kiboko aliyeshtuka hukimbilia maji, na aliye katikati yake na maji hukanyagwa au kung'atwa hata kama hakumkusudia. Jitoe kando, uweke mti mkubwa au kichuguu kati yako naye. Usishindane naye mbio; mwili ule unaweza kufika kilomita 30 kwa saa kwa masafa mafupi. Kwenye mtumbwi, wazoefu hupita upande wa maji mafupi karibu na ukingo, kwa kuwa kiboko akitishika hukimbilia kina kirefu, na hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi wanapokaribia kona au matete ili ajue kuna watu na asishtuke ghafla. Jike mwenye ndama hajali kugongewa. Akionekana, rudini. Saa ya kwanza baada ya machweo na ya mwisho kabla ya mapambazuko ndizo saa anapovuka ukingo, na kwa bahati mbaya ndizo saa ambazo mvuvi naye hutega na kutegua nyavu.

Sasa simba, na kalenda yake.

Kusini mwa Tanzania simba si hadithi ya babu. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja wa Rufiji, ambaye wananchi walimpa jina la Osama, aliua zaidi ya watu 30 katika vijiji vya karibu na mpaka wa lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Alipopigwa risasi Aprili 2004 alikutwa na jino lililopasuka na jipu kubwa chini yake. Alikuwa bado kijana, mwenye umri wa miaka mitatu hivi. Mwaka uliofuata, watafiti wakiongozwa na Craig Packer, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha hesabu yao: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300. Mashambulizi mengi yalitokea msimu wa mavuno, watu wanapolala kwenye madungu shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Simba hufuata nguruwe, nguruwe hufuata mahindi na mpunga, na kwenye dungu la nyasi amelala mtu. Dago la mvuvi halina tofauti kubwa na dungu hilo.

Utafiti wao wa pili, wa 2011, ndio ninaotaka kila mvuvi aujue. Walichukua mamia ya mashambulizi ambayo saa na tarehe zake zilijulikana, yaliyotokea kati ya 1988 na 2009, wakayalinganisha na mwezi wa angani. Asilimia 60 hivi yalitokea kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne kasoro robo usiku. Na katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, mashambulizi yalikuwa mara mbili hadi nne zaidi kuliko siku kumi zinazoutangulia.

Sababu yake ni rahisi kuifuata kwa mtu anayeishi kwa mwezi. Kabla ya mwezi mpevu, jua likizama mwezi tayari uko juu, na jioni ni nyeupe. Simba huona taabu kuwinda kwenye mwanga. Wanyama humwona akija, na usiku baada ya usiku hula kidogo. Mwezi ukishapevuka huanza kuchelewa, takriban dakika 50 kila siku. Ghafla saa moja na saa mbili za usiku zinakuwa giza. Watu bado wako nje, wanakula, wanazungumza, wanakwenda msalani, wanafunga nyavu. Na simba ana njaa ya wiki nzima. Kufikia usiku wa manane mwezi umechomoza, lakini watu wamekwisha kuingia ndani.

Mvuvi wa dagaa wa Tanganyika au Victoria hahitaji kufundishwa kuhesabu mwezi. Anajua siku za giza ambazo taa zake zinavuta dagaa, na anajua mbalamwezi ikishamiri taa hazifui dafu, akapumzika. Hesabu hiyo hiyo na iletwe nchi kavu. Siku kumi baada ya mwezi mpevu, chakula cha jioni kiliwe jua lingalipo. Haja zote zimalizwe kabla ya magharibi. Ndani ya kibanda kuwe na kopo la haja ndogo la usiku, na asiwepo wa kulicheka. Anayelazimika kutoka atoke na mwenzake na tochi yenye nguvu, na mwanga uzungushwe pande zote kabla ya hatua ya kwanza, kwa kuwa macho ya mnyama hung'aa yakipigwa na tochi.

Moto je? Moto unasaidia, lakini moto wa dagoni una tabia ya kulala kabla ya watu kuamka, na kuni huisha saa sita. Nausifu ukuta kuliko moto. Kibanda cha nyasi tupu kinamficha mtu asionekane, hakimzuii mnyama. Miti ya kubanana iliyofungwa kwa kamba, mlango unaofungika kwa ndani, na kichanja cha kulala kisichogusana na ukuta: kazi ya siku mbili kwa watu watatu. Wenye mahema ya kisasa nao wasijidanganye kwamba kitambaa ni ukuta. Kinachowalinda ni kufunga zipu mpaka mwisho, kutoingiza nyama wala samaki ndani, na kutolala nusu mwili nje kwa sababu ya joto. Kulala nje ndiko kunakompendeza fisi, ambaye mchana hukimbia mtoto mwenye fimbo, lakini usiku humng'ata usoni mtu mzima aliyelala. Harufu ya chanja humleta kutoka mbali, kwa hiyo chanja na mifuko ya samaki wakavu iwe upande ambao upepo hautoi harufu kuelekea vibandani, na isiwe chini ya kitanda cha mtu hata kama wezi wa samaki wako karibu.

Mvua ikinyesha jambo jingine hutokea, na hili huua wasomi pamoja na wasiosoma, wavuvi wa mtoni na wapanda milima wenye mahema ya bei kubwa. Mtu huingiza jiko la mkaa ndani. Kibanda kimezibwa, baridi ni kali, samaki wanataka kukauka, na mkaa uliokwisha kushika hautoi moshi, kwa hiyo anaona hakuna ubaya. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haimfanyi mtu akohoe. Hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mahali pa oksijeni pakajaa, na aliyelala halali tena usingizi wa kawaida. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea. Wengi huzipokea kama malaria au uchovu, wakajifunika vizuri zaidi na kusogea karibu na jiko. Watu wawili wa hema moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, watoke nje wote, hata kama mvua inamwagika. Jiko lisiingie ndani ya hema kwa hali yoyote, hata likiwa na majivu juu, hata likionekana limezimika. Kwa baridi, vaeni nguo kavu na mle chakula cha moto kabla ya kulala.

Maradhi ya maji nitayapitia kwa haraka kwa kuwa yana makala yake. Kipindupindu hupenda madago kwa sababu watu wengi hunywa walipojisaidia. Choo kichimbwe mbali na maji na maji ya kunywa yachemshwe. Kichocho hukaa kwenye maji yaliyotuama yenye majani na konokono, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua la mchana, kwa hiyo kuoga adhuhuri kwenye kidimbwi ni kujitafutia. Kwenye misitu yenye mbung'o, acheni nguo za buluu na nyeusi nyumbani, maana rangi hizo ndizo zinazowavuta. Hata mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Chandarua kinastahili neno la ziada. Kila mtu anajua ni kwa ajili ya mbu. Kikichomekwa vizuri chini ya mkeka pande zote, humzuia pia nyoka anayefuata panya ndani ya kibanda, na panya hufuata unga na samaki wakavu. Wapo swila wanaowang'ata watu usingizini, juu ya sakafu, bila kukanyagwa. Kichanja chenye urefu wa goti na chandarua kilichochomekwa huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo kwa gharama ndogo kuliko dawa yoyote.

Kifutu ni tofauti. Yeye hajitoi njiani. Hujilaza kwenye majani makavu, rangi yake ile ile ya majani, akingoja, na mvuvi anayetoka mtegoni na migono mabegani haoni anapokanyaga. Viatu vya mpira virefu na tochi huokoa miguu mingi. Akishang'ata, mambo yanayofanywa kwa haraka ndiyo yanayoharibu: kuchanja kwa wembe, kunyonya, kukaza kamba mpaka mguu unakuwa mweusi, kubandika jiwe la nyoka na kusubiri. Sumu ya kifutu huharibu nyama, na kamba iliyokazwa huifungia sumu hiyo mahali pamoja na kukata damu. Mguu uliokuwa wa kupona hukatwa. Vueni pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Mlazeni, mguu ufungwe kwenye kijiti usichezecheze. Asitembee. Abebwe. Swila akimtemea mtu sumu machoni, yaoshwe kwa maji mengi kwa robo saa au zaidi; maji yakiwa mbali, hata maziwa yanafaa. Asisugue.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na kusahauliwa huko mvuvi hukuona kwa macho: zahanati ya karibu inaweza kuwa na muuguzi mzuri na isiwe na dawa ya kuzuia sumu. Swali hilo linaulizwa kabla ya kuondoka kijijini. Hospitali gani inayo? Ni saa ngapi kwa pikipiki, na mwenye pikipiki ni nani, na namba yake ameandikiwa nani kwenye karatasi, maana simu huisha chaji? Mtu mmoja kijijini, mwenyekiti wa kitongoji au mwenye duka, aachiwe majina ya walio dagoni, mahali dago lilipo na siku ya kurudi. Ikipita siku hiyo na nusu, aanze kutafuta bila kungoja kuombwa.

Limebaki jambo ambalo huwagawa watu: mtu ameumia saa mbili usiku, na kijiji kiko ng'ambo ya maji. Msafiri au mngoje kuche? Sina jibu moja. Aliyeng'atwa na nyoka asingoje, wala anayetoka damu isiyozuilika, wala aliyepoteza fahamu kwa gesi. Hao wasafirishwe usiku ule ule, watu wawili wenye nguvu kwenye mtumbwi mkubwa kuliko yote, mgonjwa alale ubavu katikati, dumu tupu lililofungwa vizuri lifungwe kwenye mtumbwi kama boya, tochi mbele, na ubavu ugongwe njia nzima. Aliyevunjika mguu bila kidonda, au mwenye jeraha ambalo damu yake imesimama, anaweza kungoja mpaka viboko warudi majini na macho yaone. Uamuzi usiachiwe ndugu wa mgonjwa, kwa sababu ndugu atataka kuondoka kila mara. Uwe wa mwenye dago, na uwe umezungumzwa na wote siku ya kwanza, watu wakiwa wazima na ugali uko jikoni. Kabla mtumbwi haujasukumwa, atafutwe mwenye kalamu, aandike kwenye mkono wa mgonjwa saa aliyoumia na kilichomuumiza, kwa herufi kubwa. Wanaompeleka watafika wamechoka na kuchanganyikiwa, na daktari atauliza hayo mawili kwanza.

Jumapili ijayo, sehemu ya tatu: radi na upepo wa usiku Ziwa Victoria.